Uti Ndani ya Ubapa: Jinsi Upanga wa Vitofali Unavyojengwa na Kusimamishwa

Nyumba ya vitofali hujibeba yenyewe, kwa kuwa uzito wake unashuka moja kwa moja hadi mezani. Upanga haujapewa nafuu hiyo. Ni mrefu, mwembamba, mzito upande wa mpini, na kila kiungo chake kinavutwa kifunguke. Anayetaka kupima ustadi wa msanifu wa vitofali aache ngome na magari, atafute upanga wa karibu mita moja na autazame kutoka ubavuni.

Ninaouchambua hapa ni Master Sword, upanga wa Link katika michezo ya The Legend of Zelda, ulioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1991 katika A Link to the Past. Vitofali vyake si vya LEGO, lakini vinashikana na vya LEGO bila shida. Hataza ya kampuni ya LEGO ya mwaka 1958 ilikwisha muda wake zamani, na mahakama zilikataa umbo lile lirudi mikononi mwa mmoja kupitia mlango wa alama ya biashara: Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005, kisha Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010. Umbo la tofali ni la wote. Sura ya upanga huu ni ya Nintendo, kampuni ya michezo hiyo, na kiwanda kinachouza seti yake bila idhini sikitetei. Anayeusanifu mwenyewe kwa ajili ya rafu ya sebuleni kwake ni habari nyingine.

Vinundu vya tofali vimeachana kwa milimita 8 kutoka kitovu hadi kitovu. Kibamba chembamba kina kimo cha milimita 3.2, na vitatu vikipangwa vinalingana na tofali moja la milimita 9.6. Ubapa wa modeli hii una upana wa vinundu 8, yaani milimita 64, na urefu wa vinundu 80, yaani sentimita 64. Kazi inaanza kuwa ngumu papo hapo, kwa sababu upanga una nyuso mbili na vinundu hutazama upande mmoja tu. Ukiulaza na kuujenga tabaka juu ya tabaka, uso wa juu utapendeza na wa chini utabaki na mashimo wazi.

Jibu limefichwa ndani. Katikati ya ubapa unapita uti wa boriti zenye matundu, wenye unene wa milimita 8. Matundu hayo hupokea pini fupi ambazo ncha zake za nje ni vinundu, nyingine zikitazama kulia na nyingine kushoto. Juu ya vinundu hivyo kila uso unavikwa safu ya vibamba, kisha safu ya vigae laini. Unene wote unakuwa milimita 20.8, na pande zote mbili zinafanana. Boriti ndefu ya kawaida ina matundu 15, sawa na sentimita 12, kwa hiyo uti lazima uungwe mara kadhaa. Fundi uashi angeielewa kanuni yake bila kuelezwa: kiungo cha safu moja kisikutane kamwe na kiungo cha safu iliyo jirani.

Sasa suala la ubora, ambalo watu hulijadili kwa hisia zaidi kuliko kwa hesabu. Chukua uso mmoja uliotoka kwenye kalibu iliyozidisha milimita 0.02 tu kwa kila kinundu. Kwa vinundu 80, uso huo umekuwa mrefu kuliko mwenzake kwa milimita 1.6. Nyuso hizo zimeachana kwa kama sentimita moja, kwa hiyo urefu uliozidi hauna pa kwenda ila kuupinda ubapa, na uti usipouzuia, sehemu ya katikati inaweza kubinuka kwa zaidi ya sentimita moja. Kosa lisiloonekana kwa jicho limekuzwa kuwa upinde. Dawa yake haihitaji fedha. Changanya vibamba vya mifuko yote kwanza, ndipo uvigawe kwa nyuso zote mbili, ili kosa la upande huu lilingane na la upande ule. Uchanganyaji huo unatawanya pia tofauti za kijivu, ambazo zikikusanyika mahali pamoja huonekana kama kiraka. Vipande vinavyobana vizuri viwekwe kwenye uti na kwenye shina la mpini. Vilivyolegea vinatosha kwenye mabawa ya buluu yanayolinda mkono. Gundi siipendekezi. Ubapa unaohitaji gundi ili usianguke una kasoro katika usanifu.

Maonyesho yanapaswa kuamuliwa kabla ya kufungua mfuko wa kwanza. Ukiulaza upanga kwa ubapa wake juu ya vishikizo, unaelekea kupinda. Ukiusimamisha kwa makali, kina cha kubeba uzito kinatoka milimita 20.8 hadi 64, na kwa mhimili mzima wa vipimo hivyo ugumu wa kupinda unaongezeka karibu mara 9. Viungo vya vitofali vinapunguza faida hiyo, lakini haviifuti. Mhimili wenye uzito sawa kote hulegea kwa kiasi kidogo kabisa vishikizo vikiwa asilimia 22 ya urefu kutoka kila mwisho. Upanga una mpini mzito, kwa hiyo tafuta kwanza mahali unapotulia juu ya ukingo wa rula, kisha hakikisha nukta hiyo iko kati ya vishikizo viwili.

Wengi watataka usimame ncha chini kwenye jiwe lake, kama ulivyo mchezoni, na ninawaelewa. Ndiyo picha iliyowafanya waupende. Hapo uzito wote uko juu. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 kutoka mezani na kitako kikiwa na sentimita 12 kila upande kutoka katikati, mwinamo wa digrii 11 unatosha kuuangusha. Jaza kitako mawe au mfuko wa mchanga, na uteremshe uti mpaka chini kabisa ya jiwe badala ya kuishikilia ncha. Faida yake ni kwamba ncha, yenye vipande vya pembe vigumu kulinganisha kulia na kushoto, haihitaji kujengwa kabisa.

Uweke mbali na dirisha lenye jua. Mwanga wa jua huigeuza plastiki ya ABS kuwa ya manjano, na kwa kuwa huanza na uso unaoelekea dirishani, baada ya muda utakuwa na upanga wenye rangi mbili.