Tahakiki ya Modeli ya Upepo Mlalo HWM14: Majira na Shughuli za Jua katika Tabakajoto

Sehemu hii inahakiki modeli ya upepo mlalo ijulikanayo kwa kifupi kama HWM14, iliyochapishwa na Douglas Drob na wenzake mwaka 2015. Watafiti wengi wa tabakajoto, yaani sehemu ya angahewa inayoanzia takriban kilomita 90 juu ya ardhi, huitegemea kwa sababu ya wepesi wake. Mtumiaji hutaja siku ya mwaka, saa, mahali na kimo, nayo humpa kasi ya upepo wa mashariki-magharibi na wa kaskazini-kusini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba HWM14 inayajua majira lakini haiujui mwaka, na kwamba atakayeitumia kama badala ya vipimo ataingiza kosa hilo katika hitimisho lake.

Kuhusu majira, modeli hii inastahili sifa. Katika kimo cha kilomita 250 na zaidi, upepo husukumwa na tofauti ya kanieneo kati ya upande wa mchana uliopashwa joto na upande wa usiku. Mwezi Juni na Disemba huvuka ikweta kutoka nusu ya dunia iliyo katika majira ya joto kwenda ile iliyo katika majira ya baridi. Mwezi Machi na Septemba mvumo wa mchana huelekea ncha zote mbili. Chini zaidi, kati ya kilomita 90 na 110, hali hutawaliwa na mawimbi yanayopanda kutoka angahewa ya chini, yatokanayo na joto linalofyonzwa na mvuke wa maji na ozoni na lile linaloachiliwa na mvua za tropiki. Wastani wa hayo yote umo katika HWM14.

Utata unaanza tunapouliza kuhusu shughuli za Jua, ambazo hupanda na kushuka katika mzunguko wa takriban miaka 11. Kipimo chake cha kawaida, F10.7, hukaribia 70 Jua likiwa tulivu na huweza kupita 200 kileleni. Mtu angetarajia kwamba Jua kali huleta upepo mkali. Sivyo ilivyo. Mionzi ikizidi, msukumo wa kanieneo huongezeka, lakini ioni nazo huongezeka. Na kwa kuwa ioni hushikwa na uga wa sumaku wa Dunia, huikinza hewa inayopita. Mchana, msukumo na ukinzani huo kwa kiasi kikubwa hufidiana. Baada ya machweo ulinganifu huo huvunjika. Setilaiti ya CHAMP, iliyoruka kati ya mwaka 2000 na 2010, ilionyesha kwamba upepo wa usiku uendao mashariki karibu na ikweta huongezeka kasi katika miaka ya Jua kali.

Matoleo ya awali hayakulipuuza suala hili. HWM93 ilikuwa na kipengele cha mzunguko wa Jua, ingawa athari yake ilikuwa ndogo. HWM07 na HWM14 zilikiondoa. Programu ya HWM14 bado ina nafasi ya kuingiza F10.7, ila imeelezwa humo kwamba haitumiki: ukiandika 70 au 200, jibu ni lile lile. Uamuzi huu una utetezi wa haki. Setilaiti inayodumu miaka michache huona sehemu moja tu ya mzunguko. Kwa mfano, DE-2 iliruka kuanzia Agosti 1981 hadi Februari 1983, Jua likiwa bado na nguvu. Kukadiria athari ya Jua kwa data zisizo na uwiano kunaweza kupotosha. Hata hivyo, kuondoa kipengele hakuiondoi athari. Inabaki ndani ya wastani, isionekane.

Madhara yake ni makubwa zaidi karibu na ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia. Upepo wa jioni uendao mashariki huzalisha uga wa umeme unaoinua tabaka la ioni. Hapo huweza kutokea mapovu ya ioni chache yanayovuruga mawimbi ya GPS. Tuchukue Machi 2009, Jua likiwa tulivu, na Machi 2014, likiwa karibu na kilele. HWM14 hutoa upepo mtulivu ule ule kwa miezi yote miwili. Mtafiti asiye na vipimo vya upepo ataishia kusema kwamba upepo haukuchangia tofauti aliyoiona, ilhali modeli ndiyo iliyomnyima uwezo wa kuujua mchango huo.

Hivyo basi, HWM14 itumike kama msingi wa majira, wala si kama ushahidi wa mwaka fulani. Kila tasnifu inayoitumia itaje F10.7 ya kipindi kinachochunguzwa, na ilinganishe matokeo na modeli ya kifizikia kama TIEGCM, ambayo huipokea F10.7 na kuitumia. Palipo na vipimo, kama vile vya setilaiti ya ICON iliyorushwa mwaka 2019, vipimo hivyo vitangulizwe.