Jengo Bora ni Lile Linalotunzika

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, ushairi na uchongaji peke yake. Umo pia katika majengo. Jengo ni kazi ya sanaa, nalo lastahili kuhakikiwa. Lakini tumezoea kulisifu siku linapozinduliwa, rangi ikiwa bado mbichi. Sisi twaona kwamba swali la haki ni jingine: baada ya miaka thelathini, mkono wa fundi utafika wapi?

Tuchukue mfano wa Gerezani na Kariakoo. Nyumba za Kiswahili zilizoenea huko zamani zilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma. Paa likivuja, ngazi moja ya miti ilitosha. Ukuta ukipasuka, mwenye nyumba aliuona. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakiishi na ufa mbele ya macho yao.

Katika maghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba hizo, si machache yanayouficha ufa. Bomba la maji taka limezikwa ukutani, hata kuzuia tone moja ni lazima kubomoa vigae vya jirani. Kuta za majengo mawili zimekaribiana mno, mpaka rangi hawezi kupita na ndoo yake. Vioo vya mbele havina pa kusimama mwenye kuviosha. Fundi wa matengenezo hana lawama hapa. Kosa lilichorwa kwenye karatasi kabla msingi haujachimbwa.

Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, latufundisha njia nyingine. Miavuli yake ya zege ilibuniwa itoe kivuli, ipitishe hewa, na ikusanye maji ya mvua kuyapeleka katika tangi chini ya ardhi. Msanifu alipunguza haja ya mitambo, na mtambo usiokuwapo hauharibiki. Hata hivyo, ubunifu huo nao wadai matunzo: mwavuli wa kukusanya maji, njia yake ikizibwa na takataka, hugeuka bwawa juu ya vichwa vya watu. Na moto ulipoliunguza soko hilo Julai 2021, tulikumbushwa kuwa usanifu bora haujilindi wenyewe.

Yupo atakayesema kwamba kiwanja cha Kariakoo ni ghali, na kila hatua iachwayo wazi ni duka lililopotea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini nafasi ya fundi isipolipiwa na mwenye jengo leo, italipiwa na wakaaji kesho, tena kwa bei kubwa zaidi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua watu zaidi ya 20. Kila jengo lina sababu zake za kuanguka. Ila msiba ule watukumbusha kuwa habari za kuta ni habari za roho za watu.

Basi walimu na wanafunzi watazamapo jengo, wasiishie kuhesabu ghorofa zake. Waulize bomba limepita wapi, na nani ataweza kulifikia.