Nyumba Bila Wenyewe: Mahame ya Gede na Usomaji wa Al-Inkishafi

Wahakiki wa Al-Inkishafi wamezoea kuyachukulia majumba ya Pate yanayosawiriwa humo kuwa sitiari tu ya upitaji wa dunia. Usomaji huu una msingi, kwani Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikusudia kuuonya moyo wake, si kuandika historia ya ujenzi. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba sitiari hiyo ina nguvu kwa sababu imesimamishwa juu ya nyumba halisi, na kwamba mahame ya Gede, karibu na Malindi, yanatusaidia kuiona nyumba hiyo.

Gede ulikuwa mji wa biashara uliostawi sana katika karne ya 15 na kuhamwa katika karne ya 17. Misikiti yake, jumba la mtawala na nyumba za matajiri zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni alifikia uani kwanza, na kadiri alivyosonga mbele ndivyo alivyoikaribia faragha ya wenyewe. Pate si Gede, na karne mbili hivi zimeyatenga majumba yao. Lakini mantiki hiyo ya nje na ndani ilidumu katika nyumba za mawe za visiwa vya Lamu, zenye daka la kuingilia, msana na ndani.

Tukiujua mpango huu, tunatambua kwamba mtunzi hachagui taswira za uharibifu ovyo. Madaka ya ukutani yaliyopangwa vyombo vya thamani yalikuwa fahari ya vyumba vya ndani. Anapoweka makinda ya ndege humo, na wadudu wakalia katika misana, hasemi tu kwamba nyumba imebomoka. Anasema kwamba stara imevunjwa: kiumbe asiyealikwa amelala mahali ambapo hata mgeni mheshimiwa hakufika. Msomaji asiyeijua nyumba huuona uchakavu. Aijuaye huiona fedheha.

Gede, kwa upande wake, haina mtunzi. Haikutajwa kwa jina hilo hata katika maandishi ya Wareno, ingawa walikaa Malindi miaka mingi. James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mahame hayo mwaka wa 1948, alizipa baadhi ya nyumba majina ya vitu vilivyopatikana humo. Ndiyo asili ya Nyumba ya Makasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Hapa kitu kimeshika nafasi ya mwenye nyumba. Al-Inkishafi hufanya kinyume: huuliza waliko watu, na jamaa za mtunzi hutajwa kwa majina.

Lakini utenzi nao una ukimya wake. Waliokata matumbawe, wakachoma chokaa na kuzichonga nakshi, watumwa wakiwamo, hawaulizwi waliko. Huko Gede vilevile, nyumba za udongo na makuti za watu wa kawaida hazikuacha kuta za kutazamwa. Ushairi na akiolojia, kila kimoja kwa njia yake, vimetuachia urithi wa waliokuwa na mali. Mhakiki hana budi kuukiri upungufu huu kabla ya kuusifu urithi huo kuwa wa wote.

Gede ilitangazwa kuwa mnara wa kihistoria mwaka wa 1927, na mwaka wa 2024 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Magofu ya Pate, yaliyozaa mojawapo ya tungo kuu za Kiswahili, yamelimwa tumbaku katikati ya kuta zake. Idara zetu zinaufundisha utenzi huu darasani kana kwamba nyumba zake hazina anwani. Tunapendekeza usomwe pamoja na ramani za nyumba hizo, na inapowezekana usomwe ndani ya kuta zenyewe, wakati kuta za Pate bado zinasimama.