Geti la Hougoumont, kichaka cha Lugalo

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mwandishi wa habari, miaka thelathini na kitu, nina shahada na kodi ya nyumba ya kulipa, na jioni nyingi hapa Mbalizi nazimalizia mezani nikisogeza punje za mahindi na maharage kwa rula. Ni mchezo wa vita. Wenzetu wa Ulaya huucheza kwa vijisanamu vya askari vilivyopakwa rangi, hasa wa enzi za Napoleon. Mimi vijisanamu sina, ila maharage Mbeya hayajawahi kuwa shida.

Kinachonivuta zaidi ni vitabu vya kanuni. Navisoma kama ninavyosoma tamthilia: nani amepewa sauti, nani anapita tu nyuma ya jukwaa. Na kazi ngumu kuliko zote ni kulihamisha pambano moja kutoka kitabu kimoja kwenda kingine. Wachezaji wengi wanaifanya kama hesabu. Inchi sita za kule ziwe nne za huku, watu ishirini wawe punje moja, basi. Mimi naona ni tafsiri. Ebrahim Hussein alipoipeleka Kinjeketile yake mwenyewe kwenye Kiingereza, sidhani kama shida yake ilikuwa idadi ya maneno.

Chukua Hougoumont, lile shamba lenye kuta pale Waterloo, tarehe 18 Juni 1815. Wafaransa walifanikiwa kuingia kwa geti la kaskazini, na James Macdonell na wenzake wachache wakalisukuma geti mpaka likafungwa. Ukilicheza kwa Sharp Practice, kitabu cha mapigano madogo, geti lipo. Lina upana, lina watu wanaolisukuma, na karata inaweza kukunyima zamu wakati unaihitaji kuliko kitu chochote. Sasa lihamishie Black Powder, kitabu cha Rick Priestley na Jervis Johnson cha mwaka 2009, ambacho kimetengenezwa kwa brigedi nzima nzima. Hougoumont inakuwa jengo moja lenye kikosi kimoja ndani na nyongeza ya ulinzi. Geti limeyeyuka. Hakuna aliyekosea hesabu, ni kwamba kitabu cha pili hakina neno la kuliitia tukio lile.

Hili nililijua kichwani tu mpaka nilipolileta nyumbani.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, Mhehe wa Iringa. Nilipomwambia nataka kuiweka Lugalo mezani alifurahi kama mtoto. Kila Mtanzania aliyesoma historia anaijua: tarehe 17 Agosti 1891, safu ya Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, ilivamiwa na Wahehe njiani na kusambaratishwa kwa muda wa dakika chache. Zelewski aliuawa. Safu ilikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi zaidi ya mia, mizinga na bunduki za mashine. Wahehe walikuwa karibu 3,000, wengi wao wakiwa na mikuki na ngao.

Nikaanza na Black Powder, kwa sababu kinajinadi kwamba kinafaa vita vya miaka ya 1700 hadi 1900. Punje moja kwa watu ishirini: mahindi kumi na tano ya askari, maharage mia na hamsini ya Wahehe. Katika kitabu hicho kamanda hutamka amri kwanza, kisha hurusha dadu mbili. Zikikubali, kikosi kinatembea mara moja, mbili au hata tatu. Zikikataa, kinabaki kilipo.

Dadu zikakataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maharage yamekaa tu kichakani huku mahindi yakijipanga mstari na kuanza kupiga. Ilikuwa aibu. Nikasema turudie, nikampa kamanda wa Wahehe alama ya juu kabisa ya uongozi. Safari hii maharage yakafagia kila kitu.

Mwalimu hakufurahi. Akavua miwani.

"Mwanangu, kwa hiyo sisi tulishinda kwa bahati? Na pale bahati ilipokataa, ukatupendelea?"

Sikuwa na jibu. Maana alikuwa ametoa uhakiki mkali kuliko wowote niliousoma juu ya kitabu kile. Kanuni zile zinaamini kwamba vita huanza pale majeshi mawili yanapoonana, na kwamba akili ya kamanda ni uwezo wa kusogeza vikosi baada ya hapo. Kwa Waterloo inaeleweka. Lakini Lugalo uamuzi ulikuwa umeshafanywa kabla ya risasi ya kwanza: kuchagua sehemu ya njia, kulala kichakani, maelfu ya watu kunyamaza mpaka safu iingie. Black Powder huanza kuhesabu pale ambapo kazi ya Wahehe ilikuwa inakaribia kuisha. Kila nilichowapa baada ya hapo kilikuwa sadaka.

Dawa niliipata kwenye kitabu cha zamani kuliko vyote, na hapa kuna kejeli. Ni Kriegsspiel ya Georg von Reisswitz, ya mwaka 1824, iliyoandikwa kwa maofisa wa jeshi la Prussia. Ndani yake kuna mwamuzi, na kila upande unajua tu kile ambacho ungeweza kukiona. Basi nikawa mwamuzi. Mwalimu akaandika kwenye karatasi mahali watu wake wanapolala, akanipa. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akaongoza safu bila kuona harage hata moja. Swali likabaki moja tu: unainuka lini?

Masimulizi mengine ya Lugalo yanasema ofisa mmoja alimpiga ndege risasi, na Wahehe wakaudhani mlio ule ndio ishara. Nikaiweka kama karata moja katika pakiti. Ikitokea mapema, mtego unafyatuka kabla ya wakati.

Haikutokea. Mwalimu alisubiri. Mpwa wangu akasogeza safu, akasogeza tena, akaanza kuchoka, akauliza kama mchezo umeharibika. "Sasa," akasema Mwalimu, na chai haikuwa imepoa kabla hatujamaliza.

Nisijisifu. Tafsiri yangu nayo ina matundu. Ya kwanza, inamfanya Zelewski aonekane zuzu, kwa sababu mchezaji wake hana la kuamua zaidi ya kutembea. Ya pili ni nzito zaidi na aliigundua mpwa wangu. Alikuwa amepanga punje za ulezi katikati ya mahindi, wale wapagazi. Akauliza, "Hawa mjomba, zamu yao lini?" Nikapekua. Black Powder haina jibu, Sharp Practice haina la maana, Reisswitz hana. Katika vitabu vyote vitatu mpagazi ni mzigo unaotembea. Na mimi niliyejidai kuwarudishia Wahehe uamuzi wao niliwaacha hawa palepale walipokuwa, tena wengi wao walifia pale.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayehamisha pambano ni huu: jedwali la kubadili inchi liweke pembeni kwanza. Uliza nani alikuwa na uamuzi mkononi, na saa ngapi. Kisha uliza nani hukumpa zamu.

Kalenga tumeipanga mwezi ujao, tarehe 30 Oktoba 1894, siku boma la Mkwawa lilipoanguka. Kanuni za Black Powder zitaingia pale bila shida: kuta, mizinga, watu wanaoonana. Mwalimu bado hajakubali kucheza. Amesema atakuja kuangalia, ila maharage nitayapanga mwenyewe.