Kanuni Inayoanza Kazi Baada ya Risasi

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa wakati huo mkoani Katavi, Tanzania, mvua zimekwisha, nyasi zimelala, na mto Katuma unaanza kukatikakatika kuwa madimbwi. Kadiri kiangazi kinavyokaza, viboko, mamba na nyati hubanana penye maji yaliyosalia. Mnyama humtafuti tena. Unamsubiri tu anapokunywa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaujua mchezo huo. Inakataza kuwinda ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu au mahali wanyama wanapolamba chumvi. Inakataza pia kuwinda usiku, kupofusha mnyama kwa taa, kutumia sumu na mitego, na kupiga risasi ukiwa garini au ndani ya mita 200 kutoka lilipo gari. Makatazo mazuri. Lakini huko ndani ya Pori la Akiba Lukwati, nani atazipima hizo mita 500? Askari ni wachache na pori ni kubwa. Ndiyo maana anayezisoma kanuni hizi kabla ya msimu asiishie kwenye orodha ya makatazo. Atafute mahali ambapo sheria inashika faida ya mwindaji. Hapo ndipo penye meno.

Kwanza, ardhi. Ukitoka Mpanda kwenda Sitalike unapita Msitu wa Msaginia, kisha unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471. Humo hakuna leseni ya kuwinda kwa yeyote. Nje yake kuna mapori ya akiba kama Rukwa na Lukwati, ambako Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, husimamia vitalu vya uwindaji. Hata huko, ukanda wa kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi ya taifa haugusiki. Nyati hana habari na mpaka huo: asubuhi ni wa kupigwa picha, jioni akivuka ukanda huo ni wa mwenye kitalu.

Sasa simba, ambaye kwangu ndiye mfano bora wa kanuni iliyofikiriwa. Mwaka 2004, Karyn Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyotokana na miaka mingi ya utafiti wa simba wa Serengeti. Dume akiuawa mapema, madume wageni huchukua kundi na kuua watoto aliowaacha. Akiachwa mpaka afikishe miaka kama sita, aghalabu watoto wake wameshapita hatari hiyo. Kwa hiyo umri una uzito kuliko idadi. Kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 zikaweka kiwango hicho hicho: miaka sita.

Kuandika “miaka sita” ni rahisi. Kumjua simba wa miaka sita kwa darubini, kwenye majani, jua likizama, ni kazi nyingine. Pua humsaidia mwindaji bingwa, kwa sababu pua ya simba kijana huwa na rangi ya waridi na huzidi kujaa weusi anavyokua. Ila pua peke yake hudanganya. Kwa hiyo ukaguzi ukawekwa baada ya risasi: fuvu, meno na picha hupelekwa kwa wataalamu wakadirie umri. Kampuni iliyoleta simba mkubwa inalinda mgawo wake wa simba. Iliyoleta mdogo hupunguziwa, na aliye mdogo mno huiletea adhabu. Askari hakuhitajika porini siku ile; hofu ya kupoteza simba wa mwaka kesho ilitosha kumzuia mtu kidole.

Jambo linalofanana na hilo lilifanywa Mpimbwe, katika bonde la Rukwa, bila mtalii hata mmoja. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde hilo walikuja na desturi ya kumtunza aliyeua simba: hupakwa mafuta, hucheza, hupita kwa ndugu na majirani akipewa ng'ombe na fedha. Asili yake ni shukrani kwa aliyelinda zizi. Mwaka 2014 Emily Fitzherbert na wenzake walieleza jinsi vijana walivyoanza kumfuata simba ambaye hakumdhuru mtu, ili mradi wapate zawadi. Mradi wa Watu, Simba na Mazingira ulikaa na Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na wanakijiji wenyewe wakatunga taratibu za kumnyima zawadi anayekwenda kumtafuta simba porini. Ng'ombe wakikoma, hoja ya safari inakufa. Naziona taratibu hizo ni imara kuliko mabango mengi ya “ujangili ni kosa”.

Kwa mwananchi wa kawaida, faida ni kitoweo, na hapo sheria imeshika kwa nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Nyama, ngozi, pembe au jino la mnyamapori lisilo na hati huhesabiwa nyara ya Serikali, na kukutwa nalo kunaweza kukupeleka mahakamani kwa uhujumu uchumi. Tena mzigo wa kuthibitisha kwamba umelipata kihalali ni wako, hata kama hujawahi kushika gobore. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, kwa hiyo njia halali ya kula nyati ipo. Nunua bucha lenye leseni, dai risiti, na uitunze mpaka nyama iishe.