Vazi la Ulaya, Dhima ya Kichina: Mnyonyadamu Mpenzi katika *The Twins Effect*

Ni rahisi kuigawa *The Twins Effect* (Hong Kong, 2003), filamu ya Dante Lam na Donnie Yen, mafungu mawili: mapigano ni ya Kichina, wanyonyadamu ni wa Kimagharibi. Mgawanyo huo hautoshi. (Twasema mnyonyadamu badala ya mumiani kwa kuwa mumiani wa masimulizi yetu ni mtu hai, ilhali huyu ni mfu.)

Kwa umbo, Kazaf, mwana wa mfalme anayependana na Helen, hana nasaba na jiangshi, yule maiti aliyekakamaa wa *Mr. Vampire* (1985). Jiangshi huvaa joho la afisa wa enzi ya Qing, huenda kwa kurukaruka, na hutulizwa kwa karatasi ya manjano iliyobandikwa kwenye paji la uso. Hasemi, hana mapenzi ya kuyatamka. Kazaf ni mtanashati msemaji, mjukuu wa Dracula wa Bram Stoker (1897).

Hata hivyo, Dracula huwinda. Kazaf hunywa damu ya chupa, hujizuia kuwauma binadamu, naye mwenyewe huwindwa na mnyonyadamu mwenye nguvu kumshinda. Dhima hii ni ya mzuka wa kike katika *A Chinese Ghost Story* (1987) ya Ching Siu-tung, iliyotokana na hadithi ya Pu Songling. Mzuka huyo hutumikishwa na pepo wa mti ili awanase wanaume, lakini hakubali kumdhuru kijana ampendaye. Hata katika *Mr. Vampire*, mapenzi amepewa mzuka wa kike, si maiti.

Hapo ndipo uzaliwapo ucheshi: nafasi ya mwanamke mfu aliye dhaifu yakaliwa na mwanamume, na binadamu jasiri ni msichana. Kinaya chazidi tuonapo kwamba wawindaji, akiwamo Reeve, kaka yake Helen, hutegemea damu ya wanyonyadamu ili wapate nguvu. Aogopwaye aiepuka damu, mwokozi aihitaji.

Kasoro ya filamu ni kutolifikisha jambo hili mwisho. Katika hadithi ya mzuka, mapenzi ya hai na mfu yana gharama, nayo ni kutengana. Hapa gharama hiyo yafunikwa na mapigano ya sehemu ya mwisho. Mhakiki wa fasihi linganishi, basi, asiishie kwenye vazi la mhusika; na aulize anatenda kazi ya nani.