Silaha Isiyo na Mgodi: Vita vya Angani katika Bunilizi za Kisayansi

Wahakiki wa bunilizi za kisayansi wamezoea kuipima silaha ya kubuni kwa maswali mawili: je, inaelekea kuwezekana kisayansi, na je, inamtia msomaji hofu au mshangao? Kwa vipimo hivyo, miale inayokata chuma, makombora yanayojiongoza na vyombo vya vita vinavyopambana baina ya sayari huhesabiwa kuwa vimefaulu au vimeshindwa. Swali la tatu huulizwa kwa nadra: silaha hiyo imetengenezwa kwa madini gani, na ni nani aliyeyachimba? Swali hili si la mchumi peke yake. Ni la mhakiki pia, kwa kuwa linagusa kile ambacho mwandishi amechagua kukionyesha na kile alichokificha. Na kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Lubutu, kaskazini mwa mkoa wa Maniema, huenda likawa ndilo swali la kwanza.

Mfano ulio wazi ni riwaya ya H. G. Wells, The World Set Free, iliyotolewa mwaka 1914. Humo yamo mabomu ya atomiki yanayoangushwa kwa mkono kutoka ndegeni, na ambayo yakishatua huendelea kulipuka siku nyingi. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma riwaya hiyo mwaka 1932. Mwaka uliofuata, akiwa London, alipata wazo la mfululizo wa mipasuko ya atomu ambao ungeweza kuzaa nguvu kubwa. Hivyo hutajwa mara kwa mara kuwa ni ushahidi wa uwezo wa bunilizi kuitangulia sayansi. Jambo lisilotajwa ni kwamba bomu la Wells limetengenezwa kwa elementi aliyoibuni mwenyewe na kuiita carolinum. Elementi hiyo ina jina na nguvu, lakini haina wachimbaji wanaokumbukwa na msomaji. Bomu la kweli halikuweza kuwa hivyo. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua, na bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitegemea kwa sehemu kubwa urani ya Kongo. Kilichokuwa jina tupu kitabuni kilikuwa, katika historia, jasho la watu katika shimo.

Hali ya Maniema haitofautiani sana na hiyo. Lubutu ipo kwenye barabara itokayo Kisangani kwenda Bukavu, katika mkoa unaojulikana kwa kasiteriti, dhahabu na koltani. Kutokana na koltani hupatikana tantali, metali inayostahimili joto kali. Hutumika katika kapasita, yaani vipande vidogo vinavyohifadhi na kutoa umeme ndani ya simu, kompyuta na mitambo ya kuongozea makombora. Hutumika pia katika aloi za injini za ndege. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla, wakati mashariki mwa Kongo kukiwa katika vita vilivyoanza Agosti 1998. Kijana wa nchi za mbali aliyekuwa akipigana vita vya angani katika mchezo wa kompyuta huenda alishika mkononi chembe ya udongo wa eneo hilo bila kujua. Watu wa Lubutu, kwa upande wao, walikwisha kuiona vita kwa sura nyingine: karibu na mji wao ilikuwapo kambi ya Tingi-Tingi, iliyojaa wakimbizi kutoka Rwanda tangu mwishoni mwa 1996 hadi ilipotekwa mwanzoni mwa Machi 1997. Hapo hapakuhitajika miale wala makombora yanayojiongoza ili watu wafe.

Je, fasihi ya Kiswahili imelishughulikiaje jambo hili? Anga si jambo geni kwake. Nchi ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inaelea hewani, na wajumbe wake hutumwa hata mbinguni. Hata hivyo, ni katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ambamo chombo cha angani kinakuwa silaha kwa maana kamili. Dzombo anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo kitakachompeleka angani akaangamie. Anafaulu kukiongoza, na kufika katika sayari yenye usawa. Mkangi, ambaye mwenyewe aliwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986, hakuhitaji majeshi mawili ili kuonyesha vita vya angani. Upande mmoja una dola na mitambo yake. Upande wa pili una mtu mmoja aliyefungwa. Naye K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anampitisha msafiri wake miongoni mwa watu walioachiwa majeraha na bomu la atomiki. Waandishi hawa wawili wanafanana katika jambo moja la msingi: silaha inatazamwa na anayepigwa, si na anayefyatua.

Huo ni ushindi wa kimtazamo, lakini haujakamilika. Msomaji anaonyeshwa nani kaumia, haonyeshwi chuma kilitoka wapi. Chombo cha Dzombo kipo tu, kama carolinum ilivyopo tu. Pengo hilo limekaribiwa zaidi na riwaya ya Kifaransa ya In Koli Jean Bofane, Congo Inc. (2014). Mhusika wake, Isookanga, kijana wa msituni, anacheza katika kompyuta mchezo wa vita ambamo makampuni yenye silaha yanagombea madini, na yeye hujiita Congo Bololo. Bofane amekiweka chanzo cha silaha katikati ya mchezo wenyewe, na papo hapo hakuficha aibu iliyopo: kijana huyo havutwi na upande wa wanaochimbiwa ardhi yao, bali na upande wa wanaoshinda. Ukweli huu ni mchungu kuliko mahubiri, na ndio unaoipa riwaya uzito.

Yawezekana kupinga kwamba bunilizi ni burudani, na kwamba kumdai mwandishi mgodi ni kumgeuza mwandishi wa ripoti. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau fani. Silaha isiyo na chanzo haina kikomo: haiishiwi, haiharibiki, haidaiwi. Ndiyo maana mapigano mengi ya angani huchosha baada ya kurasa chache, kwani mshindi ni yule ambaye mwandishi amempa miale mikali zaidi. Silaha yenye mgodi ina bei, ina njia ya kupita, ina watu wanaoweza kugoma au kufukiwa shimoni. Hapo msuko hupata mizizi, na mgogoro huanza kabla ya kombora la kwanza kuruka.

Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kinajua machimbo kwa namna ambayo Kiswahili cha pwani hakijui. Wasemaji wake wana maneno ya shimo, ya kuosha mchanga, ya mzigo unaobebwa kichwani hadi barabarani. Riwaya ya vita vya angani itakayoandikwa kwa maneno hayo haitalazimika kuazima kila kitu kutoka kwa Wells na warithi wake. Itaanza pale ambapo hadithi zao hazikufika: chini, kwa mtu mwenye sururu.